Kumchagulia Mtoto Kigari cha Magurudumu Matatu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kitisuru)

Mama Mwenyekiti amenipa nusu saa, halafu akaninong'oneza kwamba mvua inakuja, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta.

Jambo lenyewe mnalijua. Mwenzetu mmoja hapa ana kijana wa miaka 7 mwenye mtindio wa ubongo. Kutembea hawezi, na akichoka hata shingo inalegea. Tangu azaliwe amebebwa mgongoni. Alipokuwa mdogo haikuwa kitu, lakini sasa ana kilo 22, na kutoka kule chini mtoni mpaka barabara ya lami ni mlima mtupu. Mwezi uliopita mara mbili hakufika kliniki ya mazoezi ya viungo, kwa sababu mgongo wa mama ulikataa. Mmechanga, pesa ziko kwa mweka hazina, na sasa mnabishana. Wengine wanasema tununue kile kigari cha mitumba chenye magurudumu manne madogo, maana kinakunjika, kina rangi nzuri na bei iko chini. Wengine wanataka kile cha magurudumu matatu makubwa. Mmeniomba mimi niamue. Sitaamua peke yangu, na nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa ningali mgeni katika kazi hii, nilimnunulia msichana mmoja kiti cha magurudumu kwa pesa za harambee. Alikuwa amezaliwa na mgongo wazi, na miguu yake haikuwa na hisia. Kiti kilikuwa kipya, kinang'aa, tukapiga na picha. Lakini sikumpima mtoto, wala sikwenda kwao kuona njia. Kiti kilikuwa kipana, akawa anakaa upande upande. Magurudumu ya mbele yalikuwa madogo kama ya toroli za supamaketi, yakawa yanakwama kila penye shimo. Baada ya miezi michache alipata kidonda matakoni, na kwa kuwa hakuhisi maumivu, kiligunduliwa kikiwa kimeshachimba. Alilala kifudifudi kwa wiki nyingi. Kile kiti wakaanikia nguo. Mama yake hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo natembea na tepu ya kupimia kwenye mkoba, ile ya fundi wa nguo.

Haya, tuje kwa magurudumu. Kwa nini matatu? Kila mama hapa anajua jibu. Mafiga ni matatu. Ukiweka mawe manne kwenye ardhi isiyo sawa, sufuria itacheza, lakini juu ya matatu itatulia hata kama moja liko chini kidogo. Kigari nacho ni hivyo hivyo. Chenye magurudumu manne, kikipita penye mawe, mara nyingi gurudumu moja linabaki hewani na mengine yanavuta upande. Cha matatu kinagusa chini kote. Tena gurudumu la mbele likiwa kubwa, linalipanda jiwe ambalo dogo lingeligonga na kusimama ghafla, mtoto akarushwa mbele.

Huko Marekani mwaka 1984 kulikuwa na baba mmoja, Phil Baechler, aliyependa kukimbia na akataka kukimbia pamoja na mtoto wake mdogo. Alichukua kigari cha kawaida akakipachika magurudumu ya baisikeli, na kutoka hapo zikaanza biashara za vigari vya magurudumu matatu ambavyo leo tunaviona hata Gikomba. Namtaja kwa sababu moja: alikuwa anakimbia barabarani, mbele moja kwa moja. Ndiyo maana vingi vya aina hiyo vina gurudumu la mbele lisilogeuka. Kwa mteremko hiyo ni faida, kwa sababu halitayumba wala kujigeuza likigonga jiwe. Lakini kwenye kona za vichochoro vyetu itabidi ukandamize mpini chini, gurudumu la mbele liinuke, ndipo ugeuze. Mtoto wa kilo 22 akiwa ndani, jaribuni hiyo kazi mara kumi mwone. Viko vingine ambavyo gurudumu hilo linageuka na lina kifungo cha kulifunga lisimame wima. Kama mnaweza kupata cha namna hiyo, ni bora zaidi. Njiani unafunga, nyumbani unafungua.

Sasa msifikiri magurudumu matatu hayana ubaya wake. Kigari cha aina hii huanguka upande upesi kuliko cha manne, hasa ukikata mlima kwa mshazari. Sisi hapa tuna tabia ya kukata mshazari kwa sababu njia zenyewe ziko hivyo. Ukiwa na kigari cha matatu, panda mlima ukiuelekea na ushuke ukiuelekea. Penye mteremko mkali na utelezi, kigeuze ushuke kinyumenyume, wewe ukiwa chini na kigari juu yako. Na lazima kuwe na kamba ya kuvaa mkononi, iliyofungwa kwenye mpini. Udongo wetu huu mwekundu mnaujua ulivyo mwezi wa nne. Mtu akiteleza akaachilia mpini, kigari hakimsubiri ainuke.

Magurudumu ya nyuma yatazameni kwa makini, kwa sababu upana wake ndio unaozuia kigari kisipinduke. Yakiwa mbali mbali, vizuri. Lakini hapo tena kuna mlango! Nyumba nyingi za mabati mlango wake ni mwembamba, na kigari kipana kitalala nje, na kikilala nje mnajua kitakavyoamka. Chukueni kamba, pimeni mlango, fungeni fundo, kisha mwende na hiyo kamba mpaka kwa muuzaji.

Nikija kwa matairi, swali langu ni moja tu: pancha ikitokea, nani ataziba? Tairi la upepo linameza mawe vizuri, mtoto hatikisiki sana. La plastiki ngumu halipati pancha, lakini kila jiwe linafika mgongoni mwa mtoto. Someni ubavu wa tairi. Ukiona limeandikwa inchi 12 au 16, hayo ni kama ya baisikeli za watoto, na fundi wa baisikeli pale kwenye kona anapata tyubu bila shida. Vikiwa vipimo vya ajabu ambavyo fundi hajawahi kuviona, basi siku tyubu itakapopasuka ndiyo siku mama atarudi kumbeba mgongoni. Mwambieni fundi aje naye akague spoki, beringi na breki. Mumlipe kitu kidogo kwa kazi hiyo, si pesa za kupoteza.

Na sasa jambo ambalo katika ubishi wenu wote sikusikia mtu akilitaja. Vigari vingi vimetengenezwa kwa watoto wadogo wenye afya, na uzito vinaoweza kubeba huandikwa kwenye kibandiko cha fremu. Vingi huishia kilo 15, vingine 22. Kijana wetu ameshafika 22, na mwaka ujao Mungu akipenda atazidi. Kigari cha bei nafuu kinachovunjika mtoto akiwa ndani, katikati ya mteremko, unafuu wake uko wapi?

Kisha mtoto mwenyewe. Upana wa kiti uwe sawa na nyonga zake, si zaidi sana, ili asianguke upande. Urefu wa kalio la kiti, pimeni kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, halafu mpunguze sentimita 3 hadi 6, ndipo atakaa mpaka nyuma bila ukingo kumkata magotini. Miguu isining'inie, iwe na mahali pa kukanyaga. Mkanda upite chini kwenye nyonga, usipite tumboni, wala msimfunge kifuani kwa leso peke yake. Nimeona mtoto ameteleza chini na leso ikabaki shingoni, tukawahi kwa bahati tu. Vigari vingi vya mitumba vina kiti cha kitambaa kinacholegea kama machela. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hicho kinamkunja mgongo, na kichwa kinarudi nyuma. Mkimlisha akiwa hivyo atapaliwa. Seremala anaweza kuweka ubao chini na mwingine nyuma, juu yake sponji ngumu. Lakini kabla ya kugonga msumari, mwulizeni yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye anajua shingo ya huyu kijana kuliko sisi.

Kuna aliyeniuliza, je, si heri kiti cha magurudumu cha kweli? Swali zuri, na kwa mtoto wa miaka 7 anayeendelea kukua, ndiko tutakakoelekea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 linaloeleza kwamba kiti cha kufaa ni kile kinachomtosha mtu na mwili wake, kinachofaa mahali anapoishi, na kinachoweza kutengenezwa papo hapo nchini. Viko viti vya magurudumu matatu vya njia mbaya vilivyobuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa 1991, ni mojawapo ya waliovitengeneza, na gurudumu lake la mbele limesogezwa mbali mbele ili mtu asianguke kifudifudi. Hapa kwetu kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza 1958, ambacho kina ujuzi wa siku nyingi wa kutengeneza viti na kuvirekebisha. Na kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililotokana na sheria ya mwaka 2003, ambalo hupokea maombi ya vifaa. Fomu zinataka mtoto awe ameandikishwa. Mama, hilo tutalifuata pamoja wiki hii, usiogope foleni. Lakini maombi huchukua muda, na kliniki ni kila wiki. Kwa hivyo kigari kinahitajika sasa.

Msitumie pesa zote kununua. Mweka hazina abaki na za tyubu mbili, pampu na grisi, na aandike katika kitabu kabisa kwamba hizo ni za kigari, zisije zikageuka kuwa soda za mkutano. (Mnacheka, lakini nimeviona vitabu vya vikundi vingi.)

Maoni yangu, kwa kuwa mmeyataka: kile cha manne kiacheni, hata kibandiko chake kimebanduliwa. Kile cha matatu bado sikisifu, mpaka tukione kikiwa na mzigo. Wenye vigari wamekubali vijaribiwe. Basi Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kwa fundi wa baisikeli. Mama Mwenyekiti alete beli moja la unga, pakiti 12 za kilo 2, hizo ni kilo 24, tuziweke kwenye kiti kabla ya kumweka mtoto. Tutashuka nazo mpaka mtoni na kupanda tena, tutafunga breki katikati ya mlima na kuachilia mpini, watu wawili wakisimama chini. Ikishikilia, ndipo kijana akae, nami nitampima. Aje akiwa ameshakula, asiharakishwe, na mumwulize anavyojisikia. Kusema hasemi, lakini mama yake anamsoma usoni.

Na kama mvua itanyesha Ijumaa usiku, msiahirishe. Nataka tuione njia ikiwa na matope.