Trekta la Urithi Lisiwashwe kwa Pupa



Katika furaha hii ya miaka kumi, twapenda kusema juu ya mali ambayo baadhi yetu tumeachiwa na wazee: trekta la kale. Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1964. Limesimama bandani miaka mingi, kuku wanatagia kitini, na wanunuzi wa vyuma chakavu wameshalitajia bei kwa kilo. Twasema: lisiuzwe wala lisipigwe stata kabla ya kuchunguzwa. Kutu hula chuma polepole. Pupa huvunja kwa dakika moja.

Kwanza, warithi wakubaliane kwa maandishi trekta ni la nani, na gharama atoe nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi wa ndugu mara nyingi huanza siku injini inapounguruma.

Pili, oili itazamwe. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Imwagwe, na chanzo kitafutwe. Dizeli ya zamani imwagwe yote, tangi lisafishwe, filta zibadilishwe. Viota vya panya vitolewe katika njia ya hewa, na rejeta ijazwe maji.

Tatu, nozeli zote tatu zifunguliwe, oili kidogo itiwe katika kila silinda, iachwe siku kadhaa. Kisha gia iwe huru, injini izungushwe kwa mkono. Ikikataa, isilazimishwe, wala trekta lisivutwe na jingine; aitwe fundi.

Nne, ikizunguka vyema, nozeli zirudishwe, kizimio kivutwe, stata ipigwe kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande. Ndipo upepo utolewe katika njia ya dizeli, na injini iwashwe.

Breki, usukani na klachi vijaribiwe kabla ya kwenda shamba. Matrekta mengi ya wakati ule hayana fremu ya kumkinga dereva yakipinduka. Basi miteremko mikali iepukwe, na mtoto asipandishwe juu ya madigadi.

Kila senti iandikwe. Gharama ikizidi faida ya kazi litakayofanya, kuliuza si aibu. Wazee walilinunua kwa jasho la mavuno mengi. Nasi tuamue kwa hesabu.