Asilimia ya Dalali na Bei ya Nyumba

Swali la kama mwenye nyumba auze mwenyewe au amwachie dalali hujibiwa haraka kwa kutazama fedha inayokatwa. Dar es Salaam udalali hupatanwa, na mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya bei. Hoja yangu ni kwamba hasara kubwa zaidi imo katika namna malipo hayo yalivyopangwa. Chukua nyumba inayoweza kuuzwa leo kwa shilingi milioni 100, udalali ukiwa asilimia 5. Mwenyewe akivuta subira miezi miwili akapata mnunuzi wa milioni 106, yeye anaongeza milioni 5.7 na dalali anaongeza laki tatu tu. Kwa laki tatu, nani atapanda na kushuka na wateja miezi miwili zaidi? Dalali atamshauri achukue milioni 100 iliyopo mezani, na wala si lazima awe mtu mbaya. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walilipima jambo hili kwa mauzo ya karibu nyumba 100,000 za eneo la Chicago, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2008: mawakala walipouza nyumba zao wenyewe, walisubiri takriban siku 10 zaidi na kupata bei iliyozidi kwa karibu asilimia 4 ile ya nyumba za wateja wao zinazofanana nazo.

Kwetu kuna na cha juu, fedha ambayo dalali huiongeza juu ya bei ya muuzaji na kubaki nayo. Mwenye nyumba anataja milioni 80, mnunuzi anaambiwa 95, na wawili hao hawakutanishwi mpaka siku ya kulipana. Mnunuzi mwenye 85 taslimu, ambaye angempendeza muuzaji, amekwisha kurudi nyumbani bila muuzaji kujua kwamba alikuja.

Nitajibiwa kwamba dalali ndiye mwenye wateja. Ni kweli, hasa kwa mjane anayeuza nyumba ya mirathi au mtu aliye mbali na mji. Lakini kazi ya kuleta mteja inaweza kulipwa kiasi maalumu kilichoandikwa, bila kumkabidhi mletaji mamlaka juu ya bei. Bei ina mtaalamu wake, mthamini aliyesajiliwa. Jibu zito zaidi ni la usalama: kwamba bila dalali mnunuzi ataogopa matapeli. Hofu hiyo naiheshimu. Pita mitaa yetu uone kuta zilizoandikwa kwa rangi, herufi kubwa, NYUMBA HII HAIUZWI. Wenyewe wameandika kwa sababu kuna watu wanaouza nyumba zisizo zao. Ila hofu hiyo haiondolewi na neno la dalali. Inaondolewa na hati, upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, barua ya usimamizi wa mirathi pale mwenyewe alipofariki, na ridhaa ya mwenzi, ambayo kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka kwa nyumba ya ndoa. Kazi hizo hufanywa na wakili, naye hulipwa kando hata pale dalali alipokwisha kuchukua asilimia yake. Muuzaji akikusanya karatasi hizo kabla ya kutangaza, mnunuzi hana tena sababu ya kudai apunguziwe bei kwa ajili ya mashaka, na dalali, akihitajika, atabaki na kazi moja ya kumleta mtu mlangoni.