NGITILI YETU INA VIPARA: TUPANDE NYASI
(Maneno yaliyosemwa mkutanoni)



Ngitili yetu mnaiona wenyewe: huku nyasi, huku vipara. Mvua ikinyesha, maji hayaingii ardhini. Yanateleza tu na kubeba udongo. Kungoja vipara vijifunike vyenyewe ni kazi bure, maana mbegu pale zimekwisha.

Kazi ni hii. Kwanza, mbegu tunazo mipakani mwa mashamba na makaburini, ng'ombe wasikofika. Suke likipukutika mkononi limeiva. Tuzianike, tuziweke pakavu. Pili, kabla ya mvua za Novemba tukwatue vipara kwa jembe, tukikata mteremko, siyo kuufuata. Tatu, tutawanye mbegu na kuzifukia kidogo tu, sentimita 1 yatosha, zikizama hazioti. Nne, tufunike kwa matawi ya miiba.

Tano ndiyo ngumu: mifugo isiingie mpaka nyasi zidondoshe mbegu. Mwaka wa kwanza ni mundu tu. Mtu atauliza, "Ng'ombe wangu wale wapi?" Ni swali la haki. Kwa hiyo tuanze na robo. Sehemu nyingine ifunguliwe kiangazi kama kawaida. Lakini anayeingiza ng'ombe usiku anawanyima ndama wa wenzake, na wake pia.

Mkoani kwetu Shinyanga mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, na ngitili nyingi zilifufuka kwa sababu wanavijiji walikubaliana kuzifunga. Wenzetu waliweza. Sisi je?

Jumamosi saa 1 asubuhi, kila kaya jembe moja.