Farasi Waliopita Kahe na Kifungu Kilichobaki

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 1916, kikosi cha wapanda farasi cha Jaap van Deventer kilitoka Moshi, kikazunguka magharibi ya mto Pangani, na kulipokucha kikawatokea Wajerumani ubavuni. Kilima cha Kahe kikatwaliwa, na stesheni pia. Wajerumani wakarudi nyuma kufuata reli, wakiacha mzinga wa manowari Königsberg walioulipua wenyewe. Jemadari mwenye vita hivyo, Jan Smuts, hukumbukwa kwa farasi hao. Mimi nadai kwamba tukitaka kuelewa alichoifanyia Tanganyika, tumtazame alipovaa joho la uwakili.

Smuts alizaliwa mwaka 1870, akasomea sheria Cambridge, na mwaka 1898 Rais Kruger akamfanya mwanasheria mkuu wa serikali ya Transvaal. Mwaka 1901, katika vita vya Makaburu na Waingereza, alipanda farasi na kuongoza kundi la Makaburu ndani kabisa ya koloni la Cape. Vita walishindwa. Lakini Mei 1902, huko kwenye mapatano, wakili yule alishika kalamu kwenye kifungu cha haki ya wenyeji kupiga kura: suala hilo lisiamuliwe mpaka baada ya wazungu kupewa serikali yao. Neno ni hilo moja tu, “baada”. Makaburu walioshindwa vitani wakabaki na ufunguo wa kura mikononi, na Smuts akarudi Pretoria kufanya uwakili.

Itasemwa kwamba bila farasi wa Kahe kusingekuwa na Tanganyika ya Waingereza ya kutungiwa sheria. Kweli. Ila farasi wenyewe hawakudumu: waliposukumwa kwenda Kondoa Irangi mwezi uliofuata, mvua na ndorobo viliwamaliza njiani, na mzigo wa vita ukaishia vichwani mwa wapagazi, ambao hesabu zetu za ushindi huwasahau. Nchi iliyotekwa ilihitaji hati. Desemba 1918 Smuts alichapisha pendekezo la udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, akiwazia nchi zilizoachwa na dola za Ulaya na Uturuki. Makoloni ya Wajerumani Afrika aliyatoa nje waziwazi. Wenzake wakayaingiza, Tanganyika ikiwemo. Baada ya 1945 udhamini ukahamia Umoja wa Mataifa, na katiba yake ikaruhusu wananchi wa nchi hizo kupeleka malalamiko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtu aliyetetea utawala wa wazungu hastahili sifa kwa haki waliyoitumia Waafrika. Simpi sifa hiyo. Wakili akishatoa hati mkononi, wengine huisoma kwa macho yao. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet New York, kwenye Umoja wa Mataifa, mwaka uliofuata, akiwa na Earle Seaton, mwanasheria kutoka Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Ardhi haikurudishwa wakati ule, na anayeona kwamba safari ile ilishindwa ana ushahidi wake. Lakini serikali ya kikoloni, iliyozoea kujibu London peke yake, ililazimika kueleza mbele ya wajumbe wa mataifa mengine kwa nini nyumba za Wameru zilichomwa. Smuts alikuwa amefariki Septemba 1950.