Trekta Kuukuu: Lifufuliwe au Liuzwe?



Trekta kuukuu lililolala uani mwa chama ni mali ya wanachama wote. Uamuzi wa kulifufua usiachiwe huruma wala neno la fundi mmoja.

Kwanza, injini. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia; huenda gasketi imeungua. Moshi wa buluu waonyesha kuwa oili inaungua, mara nyingi kwa sababu ya ringi kulika. Kasoro hizo hutengenezeka. Bloku iliyopasuka ni jambo jingine.

Pili, vipuri. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 3, na vipuri vyake bado vinauzwa. Trekta lisilo na vipuri sokoni ni chuma chakavu, hata likiwaka leo.

Tatu, hesabu. Vipuri, matairi na ujira wa fundi vijumlishwe, kisha vilinganishwe na bei ya trekta zima la umri huo. Gharama ikizidi, liuzwe kwa mnada wa wazi. Isipozidi, makisio yasomwe mbele ya mkutano mkuu kabla senti moja haijatoka. Mali bila daftari hupotea bila habari.