Mwenye Mzigo na Dereva wa Lori

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika mkutano wa sherehe ya miaka kumi, Bujora





Tumepewa heshima ya kusema maneno machache katika siku hii ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mbegu, za dawa ya wadudu, za maghala na za fedha. Sisi wa ofisi ya Katibu tuliomba ruhusa kusema habari ya mtu ambaye hakualikwa katika sherehe hii, wala jina lake halimo katika daftari la wanachama, ijapokuwa kila kilo ya pamba yetu iliyofika kiwandani imefikishwa naye. Mtu huyo ni dereva wa lori.

Wazee walio hapa wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, jinsi ushirika ulivyoanza katika nchi hii ya Usukuma. Ulianza kwa sababu ya mizani. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi. Mnunuzi akaipima kwa mizani yake, akaisoma mwenyewe, akaandika mwenyewe. Mkulima aliambiwa tu. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, miongoni mwa viongozi wao akiwamo Marehemu Paul Bomani, walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe ili kila kilo ionekane kwa macho ya mwenye mali. Kutokana na jitihada hizo lilizaliwa, mwaka 1955, lile shirikisho kubwa la vyama vya ushirika lililojulikana kwa herufi VFCU. Basi msingi wa nyumba yetu ni neno moja: mtu asikatwe haki yake kwa mizani asiyoiona.

Yatupasa sasa kujiuliza kama neno hilo twalishika kwa watu wote, au kwa nafsi zetu tu.

Miaka mitatu iliyopita, katikati ya msimu wa ununuzi, alikuja ofisini kwetu dereva mmoja, mtu mzima mwenye mvi, amevaa kandambili. Hakupiga kelele. Alitoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani, akasema, "Mwanangu Katibu, sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza. Hizi kilo zilizopungua, ninyi mwazijua?"

Karatasi ile ilitoka kwa tajiri wake. Ilieleza kwamba katika safari tatu, kutoka gulio letu moja hadi kiwanda cha kuchambua pamba, mzigo ulipungua jumla ya kilo 412, na kwamba thamani ya kilo hizo imekatwa katika ujira wake. Tukamwuliza kama alikuwapo pamba ilipopimwa. Akajibu kwamba gulioni alikuwa chini ya gari akibadilisha gurudumu; na kiwandani alikuwa amelala, kwa kuwa alikaa siku tatu katika foleni bila posho, akila kwa mkopo wa mama mmoja muuza chakula. Mara zote aliletewa karatasi atie saini. Alitia, kwa kuwa asingetia gari lisingeruhusiwa kuondoka.

Alipokwisha kuondoka tulifungua vitabu vyetu. Wiki ile malori tisa yalitoka katika gulio lile. Yalikuwa na madereva mbalimbali, wa matajiri mbalimbali, na yote yalipungua. Malori yaliyotoka gulio la jirani, yakapita barabara ile ile na kukaa katika foleni ile ile, hayakupungua ila kidogo sana. Je, Ndugu Wanachama, ni mwizi gani huyo awezaye kuendesha magari tisa?

Tukamwita karani wa gulio. Alisitasita, kisha akasema kweli. Pamba nyingine ilipokelewa asubuhi ikiwa bado na umande. Nyingine, hapana budi tuseme wazi hata kama leo ni siku ya sherehe, ilikuja imetiwa maji nyumbani ili iwe nzito. Naye karani aliipokea, kwa kuwa wenye pamba ni jirani zake. Pamba yenye maji ikikaa siku tatu juu ya lori katika jua la Juni, hukauka na uzito wake hupungua. Wakati huo mkulima amekwisha kulipwa, Chama kimekwisha kuandika, na kiwanda hakikubali kulipia maji. Abakiye ni yule aliyeshika usukani. Basi sisi tuliotiwa machungu na mizani ya watu, tulimtia mwenzetu machungu kwa mizani yetu.

Tulimwandikia tajiri wake barua. Alijibu kwa adabu kwamba jambo hilo ni kati ya kampuni na mfanyakazi wake. Msimu uliofuata dereva yule hakuonekana tena, na simu yake haikupatikana. Kwa hiyo, katika miaka kumi tunayoishangilia leo, Chama hiki kina deni ambalo Mkaguzi wa Hesabu hakuliona, kwa kuwa halikuandikwa popote.

Huenda mtu akauliza, sheria iko wapi? Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Yaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Yatoa mapumziko ya saa 24 kila wiki. Na juu ya makato ya hasara, sheria hiyo hairuhusu mwajiri kukata apendavyo. Sharti hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi sababu ya deni na hesabu yake. Apewe nafasi ya kulipinga. Mwenyewe akubali kwa maandishi. Wala makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Dereva yule hakupata hata moja katika hayo. Vile vile, kwa Sheria ya mwaka 2008, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri wapaswa kuuchangia ili mtu akiumia kazini asiachwe kando ya njia.

Lakini sheria iliyo kitabuni haipandi lori. Madereva wenyewe walilisema hilo mbele ya nchi nzima. Tarehe 10 Aprili 2015 waligoma, mabasi yakasimama na abiria wakabaki vituoni. Na tarehe 4 Mei mwaka ule ule wakagoma tena. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo dai la kupewa mikataba ya kazi. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliunda kamati ya kuyaangalia mambo yao. Hebu tufikiri: watu waliendesha magari ya mamilioni ya shilingi, wakibeba roho za watu, na sheria ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, nao walikuwa bado waomba karatasi ya kuonyesha kwamba wameajiriwa.

Haitupasi kuwatupia matajiri wa malori lawama zote. Wengi wa wale wanaotubebea pamba wana gari moja au mawili, tena la mkopo. Nasi tuna sehemu yetu. Kamati yetu ya zabuni, kwa miaka yote kumi, imekuwa ikiuliza swali moja tu: ni nani atakayebeba tani moja kwa bei iliyo ndogo kuliko zote? Bei hiyo ndogo yatoka wapi? Dizeli haimpunguzii mtu bei kwa kuwa ameshinda zabuni, wala tairi haimhurumii. Kiwezacho kupunguzwa ni usingizi wa dereva, posho yake, na ujira wa utingo wake. Tena sisi wenyewe huchelewa kumlipa tajiri, naye humchelewesha dereva. Na dereva, akiwa amelipwa kwa safari, huendesha usiku kucha ili apate safari ya pili. Akisinzia akapinduka, twasema, "Ajali kazini," tukapeleka watu wakaokote pamba.

Mzee mmoja wa Kamati alituuliza, "Je, dereva ni mwanachama wetu?" Swali hilo ni la haki, na jibu ni kwamba yeye si mwanachama. Lakini twaomba tumrudishe Mzee wetu katika desturi zetu wenyewe. Vijana wa basumba walipoitwa kulima shamba la mtu, walikuja na majembe na ngoma, wakalima hadi shamba likaisha. Na mwenye shamba aliwaandalia chakula. Hakuwaambia, "Chakula chenu mwulizeni nsumba ntale wenu, mimi nilipatana naye." Angelisema hivyo, msimu wa pili angelilima peke yake. Leo ngoma ya bugobogobo itachezwa katika uwanja huu wa Bujora, na wageni wetu watapiga picha. Basi tusiicheze ngoma ya kazi huku tumesahau sheria yake, kwamba mwenye kazi na mwenye kuifanya hufahamiana.

Hata kabla ya malori, babu zetu Wasukuma na Wanyamwezi ndio waliokuwa malori ya nchi hii. Walibeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Kazi ile ilikuwa ngumu, na wengine walikufa njiani. Lakini ilikuwa na kanuni zake. Mzigo wa mpagazi kwa desturi ulikuwa kama frasila mbili. Posho yake ilihesabiwa kwa siku. Na posho ikikatwa au mzigo ukizidishwa, wapagazi waliweka mizigo chini hadi maneno yasikizwe. Siku hizi lori hupimwa barabarani ili lisizidishe uzito. Huo ni utaratibu mwema, kwa maana barabara ni mali yetu sote. Lakini hatujaweka mizani ya kupima uchovu wa yule aliyelikalia.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 1979 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 153, usemao kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika. Na huko Ujerumani, katika mwaka 2023, madereva wengi kutoka Georgia na Uzbekistan, walioajiriwa na kampuni za tajiri mmoja wa Poland, walisimamisha malori yao katika kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen wakidai ujira wao. Walikaa humo kwa wiki kadhaa hadi wakalipwa. Mwaka ule ule madereva wengine waligoma hapo hapo, na safari hiyo ofisi moja ya Serikali ya Ujerumani iliziendea pia kampuni zenye mizigo, kuchunguza kama zilitimiza wajibu wao. Hilo ndilo twataka tulishike leo: aliyeulizwa si mwenye lori peke yake, mwenye mzigo pia aliulizwa. Nasi, Ndugu Wanachama, ndio wenye mzigo.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mambo matano, yaingizwe katika mkataba wetu wa usafirishaji kuanzia msimu ujao.

Kwanza, kampuni itakayobeba pamba yetu ituonyeshe mikataba ya maandishi ya madereva na matingo wake, pamoja na risiti za michango yao katika Mfuko wa Fidia.

Pili, dereva awepo mizani inaposomwa, gulioni na kiwandani, naye apewe nakala yake. Ikiwa hakuwapo, upungufu usihesabiwe juu yake.

Tatu, lori lipangiwe siku ya kushusha kabla halijaondoka gulioni. Likikawia kiwandani zaidi ya siku moja bila kosa la dereva, posho yake na ya utingo ilipwe kwa kila siku, nasi tuchangie.

Nne, Chama kilipe gharama za usafirishaji katika siku kumi na nne tangu mzigo kupokelewa, ili tajiri asipate kisingizio kwetu.

Tano, na hili ni letu sisi wakulima: pamba yenye maji au mchanga irudishwe kwa mwenyewe hapo hapo gulioni, awe jirani, awe mjomba, awe mjumbe wa Kamati. Karani atakayeipokea ajibu yeye.

Hatutawaficha neno. Mambo haya yatatugharimu. Gharama ya kubeba kila tani itapanda, na malipo ya pili ya msimu yatapungua kidogo kwa kila mmoja wetu. Wale wanaotaka kukataa wana haki ya kukataa, nasi tutaitii kura. Lakini twaomba kila mmoja, kabla hajainua mkono, akumbuke kwamba shilingi ile anayotaka kuilinda ina mwenyewe, na mwenyewe yuko barabarani.

Na kama yupo katika mkutano huu amjuaye yule mzee wa kandambili aliyeendesha lori katika msimu ule, twamwomba afike ofisini. Tumeiweka nakala ya karatasi yake katika faili. Tungependa kuirudisha kwake pamoja na fedha zake, iwapo mkutano huu utaturuhusu.