GARI LA KUKODI KATIKA NCHI YA WATU

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja baada ya chakula cha jioni, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya safari. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba yule aliyekuwa kiranja wangu wa bweni, ambaye namwona meza ya tatu, asinikatize. Alikuwamo ndani ya gari, naye anayo maelezo yake.

Mwezi wa Agosti 2018 mimi, mke wangu na ndugu kiranja tulipanda ndege hadi Windhoek, mji mkuu wa Namibia, tukakodi gari kwa siku nane. Nchi ile ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 824,000, halizidiwi sana na letu. Lakini sensa yao ya 2023 ilihesabu watu 3,022,401 tu, wakati sisi mwaka 2022 tulihesabiwa 61,741,120. Ndiyo kusema huko unaweza kwenda saa nzima bila kuona nyumba wala mtu. Asiye na gari jangwa atalisikia kwa wenzake.

Ofisini tulipokewa vizuri. Karani alizunguka gari pamoja nami, akiweka alama kwenye karatasi yenye picha ya gari kila palipokuwa na mkwaruzo. Kisha akaniwekea mkataba wa kurasa kadhaa, maandishi madogo kama mchanga. Mimi nilikuwa nimeendesha gari miaka thelathini na mitano. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama.

Ndugu kiranja aliuchukua mkataba, akaketi, akausoma wote, tena kwa sauti. Kwamba kwenye barabara ya changarawe sheria ya nchi inaruhusu kilomita 100 kwa saa, lakini kampuni inataka tusizidi 80. Kwamba gari lina chombo cha kurekodi mwendo. Kwamba bima haigusi matairi wala vioo, na kwamba gari likiharibika, sehemu ya kwanza ya gharama inatoka mfukoni mwa aliyekodi. Nikamwambia, "Mzee, shule tumemaliza." Akakunja karatasi, akanyamaza.

Namibia wanaendesha kushoto kama sisi, na hilo ndilo lililonidanganya. Ningekuwa Ufaransa au Marekani, ambako wanakwenda kulia, ningekuwa na hofu, na hofu ingenifanya niwe mwangalifu. Lami ilituchukua hadi Rehoboth, halafu tukaingia changarawe. Ni barabara pana, imenyooka, imechongwa na greda, na mbele yako hakuna gari. Mguu unakuwa mzito wenyewe.

Vijana, sikilizeni jinsi inavyokuwa. Kwenye lami tairi linashika ardhi. Kwenye changarawe tairi linapanda juu ya kokoto, na kokoto zinabingirika kama gololi. Maadamu unakwenda moja kwa moja huoni tofauti. Utaiona siku utakapokata kona au kukanyaga breki. Tena pako mahali ambapo barabara imejikunja kama bati la nyumba, gari linatetemeka hata meno yanagongana, na dereva mjinga huongeza mwendo ili mtetemeko upungue. Unapungua kweli, kwa sababu magurudumu yamekwisha kuacha kugusa ardhi sawasawa.

Dereva mjinga huyo nilikuwa mimi.

Tulilala Sesriem, tukaamka alfajiri kuona vilima vya mchanga mwekundu vya Sossusvlei. Sitavieleza, maana picha ziko ubaoni pale nje. Siku ya pili yake tulishika njia ya Walvis Bay. Kupita Solitaire, tulisimama penye kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, mstari tuliouchora humu humu darasani kwa penseli nyekundu. Tulipiga picha, tukachelewa, nami nikataka kufidia muda. Kiranja akasema, "Mwenda pole hajikwai." Sikumjibu. Mke wangu akasema, "Baba, punguza." Naye sikumjibu.

Tairi la nyuma lilipasuka kwenye kona. Nikafanya kosa la pili, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaserereka ubavu ubavu, vumbi likafunika kila kitu, na nikasikia mke wangu akiita jina la mtoto wetu mdogo. Tulisimama magurudumu mawili yakiwa nje ya barabara, chini yake korongo. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno. Mikono yangu haikutaka kuachia usukani.

Simu haikuwa na mtandao. Tairi la akiba tulikuwa nalo, lakini kila tulipoinua gari, jeki ilizama katika changarawe. Baada ya muda mrefu likaja pikapu moja kuukuu, akashuka mzee. Alitusikia tukibishana, akasimama, akasema kwa Kiswahili safi: "Nyinyi ni watu wa Tanzania?"

Huenda vijana hamjui. Mwaka 1964 wapigania uhuru wa SWAPO walifungua kambi Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, na nchi yao ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Mzee huyu alikuwa kijana Kongwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitoa ubao kwenye pikapu, akauweka chini ya jeki, na kazi ikaisha kwa robo saa. Nilipotoa fedha akaisukuma mkono. "Ugali wenu nimeula sana," alisema. Kisha akanitazama. "Ulikuwa unakwenda mwendo gani?"

Nikamdanganya. Nilisema sabini.

Hadi tunarudi Windhoek nilikuwa nimekwisha kutunga maelezo ya karani pia: jiwe kali, mwendo wa pole, bahati mbaya. Lakini nilipofika mezani nilimwona kiranja ameketi kwenye kiti kile kile, na mkataba ule ule mkononi, hanitazami. Nikasema kweli. Karani akageuza kompyuta nione. Ilikuwa imeandika 108. Nililipa tairi na rimu, na zawadi za watoto zikaishia hapo.

Vijana, mtakodi magari katika nchi nyingi kuliko sisi. Someni mkataba mkiwa mmeketi. Kagueni tairi la akiba, na jaribuni jeki kabla hamjatoka uani. Tairi likipasuka, ondoeni mguu kwenye mafuta, shikeni usukani bila kuupinda, liacheni gari lipoe lenyewe. Na aliye pembeni akisema punguza, punguzeni, hata kama leseni yenu ina umri mkubwa kuliko wake.

Yule mzee sikumwomba anwani. Ningependa kumwandikia kwamba haikuwa sabini.

Ndugu kiranja, sasa unaweza kusema.